Bingwa wa Mirima

Baba Wekesa,

Watu husema marehemu hasemwi vibaya. Mimi nitakusema, kwa sababu umesemwa vizuri vya kutosha, na daktari wa Bungoma ameniambia moyo wangu umechoka, nisiahirishe mambo. Mwandiko ukikushinda, shauri yako. Ulizoea kusoma nusu na kubuni nusu.

Kwanza nikupe habari za nyumbani. Wekesa ameweka jiwe kwenye kaburi lako. Ni jiwe zuri, jeusi, linang'aa. Limeandikwa BINGWA WA MIRIMA. Mirima, Baba Wekesa. Nimefundisha Kiswahili maisha yangu yote, Kitale na Bungoma, na mume wangu amelala chini ya R isiyo mahali pake. Nilipomwambia mwanao, alinijibu, "Mama, si watu wataelewa tu." Wataelewa, naam. Hiyo ndiyo shida ya watu wa kwenu. Huelewa upesi hata kisichosemwa.

Ndugu yako Simiyu naye ameanzisha mbio za kukukumbuka. Mbio za milima, ati. Na wapi? Ndalu! Ndalu, ambapo maji ya mvua husimama yakiulizana yaelekee wapi. Simiyu ndiye mwenyekiti. Amenunua kofia na filimbi, na filimbi yenyewe anaipuliza hata akitaka kuletewa chai.

Sasa tuseme yale ambayo mimi na wewe tu tunayajua.

Tulikuwa wanafunzi Uskoti, wewe kilimo, mimi ualimu. Wewe kijana wa Matulo, mimi binti wa watu waliotoka Nyeri wakahamia Kitale. Wale wazungu waliposikia neno Kenya tu, wakakuandikisha katika mbio za kilima chao. Hawakuuliza kama unakimbia. Nani humuuliza samaki kama anaogelea? Hawakujua kwamba ulienda shule umekaa nyuma ya baiskeli ya baba yako hadi ukaota ndevu. Ungeweza kukataa. Badala yake ulikitazama kile kilima ukasema, "Ah, hiki? Sisi tuna Elgon. Hiki ni cha kufungia mbuzi."

Wakakupanga mstari wa mbele, wakakupisha kwa heshima. Heshima iliisha kwenye kona ya kwanza. Walikupita wote. Alikupita daktari wa meno mwenye kitambi. Alikupita bibi mwenye mvi ambaye alisimama kukuuliza kama u mzima, kisha akakupita. Nilikuwa chini na mwavuli, nimekuja kukucheka, na nilikucheka mpaka ukungu ukashuka ukakuficha.

Mshindi alioga, akanywa chai, akaenda zake. Medali ziliisha. Kina mama walisuuza vikombe, wanaume wakakunja meza. Wewe hukuonekana. Gari lilitumwa kukuchukua, likarudi tupu, na dereva akatuambia umekataa kupanda. Ulimwambia, "Niliambiwa mwisho uko chini."

Ukashuka. Kiatu kimoja, suruali imechanika, tope mpaka masikioni. Hapakuwa na mtu wa kukushangilia isipokuwa mimi. Ulikimbia ile sehemu ya mwisho, mahali ambapo hata kamba zilikuwa zimeondolewa, kana kwamba bado zipo. Mzee aliyesimamia mashindano alipapasa mifuko akitafuta cha kukupa. Akatoa kalamu yake mfukoni mwa shati, akakukabidhi kwa mikono miwili.

Hapo ndipo nilipoamua kuolewa na wewe. Sijawahi kukuambia. Leo nakiri.

Kisha ukarudi nyumbani ukaniharibia yule mtu.

Unaikumbuka siku ile Matulo, baba yangu na shangazi zangu walipokuja kutoka Kitale kujuana na wazee wenu? Kwa heshima ya wageni ukazungumza Kiswahili. Ukasema umekimbia kilima cha wazungu, na ulipofika mwisho, mkubwa wao alikupa karamu. Ulimaanisha kalamu. Lakini ulimi wako haukuwahi kujua tofauti ya L na R, na wazee hawakuwa na haja ya kuuliza. "Wazungu wamemfanyia karamu!" Vigelegele. Mama yako akaanguka kwenye nyasi akipiga miguu. Nani hufanyiwa karamu kama si mshindi?

Ukanitazama. Ulijua nimesikia. Nami nikakaa kimya, kwa kuwa binti anayeposwa hasahihishi matamshi ya anayemposa mbele ya wazee. Nilikungoja useme mwenyewe. Ungeinua tu mkono na kuonyesha kuandika. Ukapangusa mdomo ukasema, "Walichinja kondoo."

Kondoo! Baada ya mwaka wakawa ng'ombe. Wekesa alipozaliwa, ulikuwa umemshinda mtu aliyewahi kukimbia mbele ya malkia. Niliishi nyumba moja na bingwa huyo hadi ulipokata roho, nikampikia, nikamfulia, nikamsikiliza akiwashauri vijana wa Moi's Bridge namna ya kupumua wakipanda mlima, yeye ambaye alikuwa akihema akifunga lango. Nilimdharau. Yule wa mwisho, mwenye kiatu kimoja, nilimngoja arudi. Wakati mwingine nilikukuta umekaa peke yako nyuma ya ghala la mahindi, umenyamaza, nikadhani amerudi. Ukiniona, ulianza habari za kupumua.

Ningezikwa na haya yote, kama si Nanjala.

Mjukuu wetu, binti wa Wekesa, yuko Uskoti huko huko, anasomea uuguzi. Simiyu ndiye aliyemshikilia akimbie: damu ya Kuka yake, yaani wewe babu, milima ya Kuka yake. Siku ya mbio walitundika runinga uani, wakaalika kanisa zima. Nanjala akawa wa mwisho. Simiyu alizima runinga akasema mtandao umepotea. Ni uongo mdogo, lakini nauona umefanana na wewe pua na macho.

Mtoto akafunga simu. Alipoifungua, mimi ndiye niliyepigiwa. Siku za kawaida huniita Cucu, kama bibi anavyoitwa kwetu; akiwa na shida, Kukhu, la kwenu. "Kukhu, nimemwaibisha Kuka. Chuo naacha. Na huko nyumbani sirudi." Nikamweleza yote: ukungu, daktari wa meno, kalamu. Hakuniamini. "Unanibembeleza tu. Kama ni kweli, sema mbele ya watu."

Kwa hiyo nikasema mbele ya watu. Jumapili, kwenye ibada ya kukukumbuka, nilimpigia Nanjala, nikaiweka simu mapajani ikiwa wazi, nikaomba kipaza sauti. Nikasema: mume wangu alikuwa wa mwisho. Hakufanyiwa karamu, alipewa kalamu. Nilisema polepole, kama ninavyosomea watoto imla.

Walinitazama kwa huruma! Huruma, Baba Wekesa, mimi! Wekesa akanishika mkono kama yai. Simiyu akachukua kipaza sauti: "Jua ni kari, mama yetu amechoka, umri nao... Pasta, tumuombee." Pasta akaja akaniwekea mikono kichwani, akaikemea roho ya usahaulifu. Kanisa likaitikia amina. Kazi yako uliifanya vizuri. Umewajengea uongo imara hata mimi niliyeushuhudia ukizaliwa naambiwa nimesahau.

Katikati ya maombi nikasikia kitu mapajani. Alikuwa Nanjala, anacheka. Alicheka mpaka akakohoa. "Kukhu, wamekuombea! Aki wamekuombea!" Halafu akauliza, kwa sauti ya chini kabisa, "Kuka alikataa gari kweli?"

Nikamwambia, kweli.

"Mimi nilipanda," akasema. Akavuta pumzi. "Lakini Jumatatu naenda darasani."

Ameenda. Ananitumia picha za vitabu vyake. Mbio ameacha, na namuunga mkono. Ukoo huu haukuumbiwa kupanda kitu.

Basi, Baba Wekesa, lala. Pale kando yako wameniachia nafasi, na sitachelewa sana kuijaza. Nakuahidi jambo moja. Nikifika huko sitakusalimu kwanza. Nitapita kwa majirani zako, mmoja mmoja, niwaulize umewaambia nini. Kisha nitakuja nikae karibu nawe, na safari hii habari ya kalamu utaisimulia mwenyewe, nami nikisikiliza.

Mkeo,
Mama Wekesa