Mbu wa Mtu Mwingine

Jumatatu, 3 Machi
Konokono mia moja na kumi kabla ya chai. Jared, fundi wetu wa maabara, anawachota ziwani, mimi nawapima kichocho. Mgongo unauma. Nikafungua ukurasa wangu mtandaoni kuona watafiti wengine wamenukuu makala zangu mara ngapi. Thelathini na nane. Ileile ya Krismasi. Chuo kinataka mia ndipo nipande cheo, na fomu zinafungwa Ijumaa. Miaka tisa mahali pamoja. Naumia, sioni haya kusema.

Jumatano, 5 Machi
Mia mbili na sita. Nikazima kompyuta, nikaiwasha. Mia mbili na sita. Jared akachungulia. "Daktari, sasa wewe ni mtu wa dunia. Leo samosa ni zako." Nikanunua, na soda juu. Fomu nimeituma papo hapo. Orodha ya makala sikuiangalia. Nani hukagua baraka?

Jumamosi, 8 Machi
Wakati wa ushuhuda Mama alisimama kanisani, ibada ya Sabato, akatangaza kwamba dunia nzima inamsoma binti yake. Watu wakasema amina. Nikatazama viatu vyangu, lakini nilifurahi hadi masikioni.

Jumatatu, 10 Machi
Nimefungua orodha ili nijisifu polepole. Makala ya kwanza: mbu. Ya pili: mbu. Ya tatu: mbu na vyandarua, Nyatike. Mimi mbu huwaua kwa kandambili tu.

Mwandishi ni P. Atieno. Nami ni P. Atieno, Perpetua. Huyu ni Pamela, yuko Migori. Kompyuta ya ng'ambo haijui kwamba huku kwetu msichana akizaliwa usiku ni Atieno, na usiku huja kila siku. Imetuona mtu mmoja.

Nikafunga mlango, nikala ndizi tatu. Nikinyamaza, nani atajua? Tena sikuiba. Nimepewa.

Jumanne, 11 Machi
Bado nimenyamaza. Konokono nimewahesabu mara tatu, kila mara idadi tofauti. Nikatafuta ukurasa wa Pamela. Umebaki na makala mbili. Amenukuliwa mara nne. Miaka yote ile ya mbu, mara nne. Aibu ikanishika.

Jumatano, 12 Machi
Nilimpigia simu nikiwa tayari kutukanwa. Akacheka mpaka akakohoa. "Nyinga," akaniita, kama wajina wanavyoitana kwetu, "nimekuwa nikishangaa mbu wangu wameenda wapi. Kumbe uko nao Homa Bay?"

Kisha akanieleza. Naye ameomba kupanda cheo. Kamati yao inakaa Ijumaa na imemuuliza kwa nini hana kitu. Hakunisihi. Afadhali angenisihi, ningepata la kukasirikia.

Nikazitoa makala zake ukurasani mwangu moja moja, zimrudie. Nikabaki na zilezile thelathini na nane. Halafu barua kwa kamati yetu: zile mia mbili na sita si zangu zote, naomba radhi. Mistari minne. Imekula asubuhi nzima.

Alhamisi, 27 Machi
Sijapanda. Katibu alikuwa mpole, akasema nijaribu mwakani. Pamela amepanda, akanitumia picha ya keki. Nilifurahi kidogo, nikanuna sana, nikafurahi tena. Mama anataka kusimama tena kanisani kurekebisha ushuhuda. Nimemwomba akae.

Jumapili, 6 Aprili
Tumekutana Rongo, mimi na Pamela. Mfupi, ana sauti ya mwalimu wa michezo. Alipokuwa akitafuta makala zake alizisoma zangu. Zote. Hata ile ya fuo za Sori, ambayo sidhani mhariri mwenyewe aliimaliza. Aliniuliza juu ya konokono wa Sori hadi samaki akapoa mezani. Hakuna aliyewahi kuniuliza.

Jumanne, 16 Septemba
Mvua asubuhi. Konokono tisini. Ukurasa wangu: thelathini na tisa. Nikakagua haraka, isije ikawa mbu tena.

Ni mbu kweli, ila hawa ni wa Pamela na wako kwake. Katika makala yake mpya amenukuu kazi yangu ya Sori. Ameandika kwamba alikagua fuo kwa njia yetu, hatua kwa hatua, na imemfaa.

Nimeisoma sentensi hiyo mara nne. Kisha nikamwita Jared, kwa sababu Sori ni yeye aliyeingia majini. Akaisoma taratibu, kidole kwenye kioo. Akachukua ndoo, akarudi ziwani.