Sakafu ya Sauti

Temeke,
12 Juni 1938

Kwa shangazi yangu mpendwa, Bi Chausiku, Lindi.

Shikamoo shangazi. Naomba barua hii ikukute mzima, goti limepoa, na wajukuu hawakusumbui kupita kawaida yao. Sie huku wazima. Nassibu anakwenda kazini bandarini na kurudi, watoto wanakula na kuvunja vyombo. Kibovu katika nyumba hii ni mie tu.

Shangazi, nimeaibika. Unajua kikundi chetu cha wanawake wa Temeke, Nia Safi, kimekosa mwimbishaji tangu yule wa zamani ahamie Tanga na mumewe. Bi Hija, mkubwa wetu, akanipa mie kazi ya kuanzisha nyimbo, kwa kuwa zote ninazo kichwani na nyingine nimezitunga mwenyewe. Nilijiona nimefika. Nikashona na gauni.

Jumamosi iliyopita tukaenda harusini Kawe. Kikundi cha Sitara cha Kinondoni nacho kikaja pamoja na mwimbishaji wao, Mwamvita, yule mwenye sauti nyembamba inayopenya ukuta. Desturi ya huku ni hii: anayeanzisha wimbo huchagua pa kuanzia, juu au chini apendavyo, na kikundi cha pili kikijibu lazima kianzie palepale. Ukiuhamisha wimbo, umeshindwa. Basi Mwamvita akauanzia juu kabisa, akaniachia huko, akakunja mikono kunitazama.

Nikaufuata. Neno la kwanza likatoka, la pili likatoka, la tatu sauti ikakatika. Kilichobaki kooni kililia kama bawaba isiyotiwa mafuta. Kinondoni wakapiga vigelegele, na hata bibi harusi, ambaye hatakiwi kucheka, alicheka.

Bi Hija hakunigombeza, na hilo ndilo liliniuma. Kesho yake aliniita akasema, "Mwanangu, sauti yako nzito, ya kiume. Tangu lini mwimbishaji akawa na sauti ya kiume? Nakupa mpaka harusi ya mjukuu wangu, Mfunguo Mosi, Ramadhani ikiisha. Ukishindwa tena, rudi kwenye makofi na wenzio." Maana kwetu mwenye sauti nzito haimbi, shangazi. Anasimama nyuma anapiga makofi.

Nimekunywa tangawizi, nimelamba asali, nimemeza mayai mabichi mpaka Nassibu analalamika kuku hawaangui. Sauti haijawa nyembamba hata kidogo. Wewe umekaa ngomani umri wako wote. Nipe dawa. Sitaki kurudi kwenye makofi.

Mwanao,
Tunu

*

Lindi,
3 Julai 1938

Kwa mtoto wa kaka yangu, Tunu.

Marahaba mwanangu, marahaba tena. Goti ni lilelile, linanitabiria mvua kabla ya mawingu. Wajukuu wazima mno. Msalimu mkwe wangu Nassibu na umwambie mayai si yake, ni ya kuku.

Dawa ya sauti nyembamba sina, na ningekuwa nayo nisingekupa. Hiyo sauti si ugonjwa. Ni ya nyumbani kwetu. Marehemu bibi yako alipokuwa akiita watu kula, mtaa wa pili walinawa mikono. Baba yako alikuwa nayo, mie ninayo, na wewe umeikuta. Leo unataka kuinywea tangawizi ikutoke!

Unasema nimekaa ngomani umri wangu wote. Kweli. Lakini hujawahi kuniuliza nilikuwa nafanya nini. Nilikuwa napiga makofi, Tunu. Tangu usichana wangu mpaka kichwa hiki kimejaa mvi, sijaombwa kuanzisha wimbo hata mmoja mbele ya watu. Nilisimama nyuma, nikapiga makofi, na chini ya kelele za wenzangu nikaimba peke yangu, pale ambapo hakuna aliyenisikia. Huko chini nakujua kuliko jikoni kwangu.

Sasa nisikilize. Sauti ya kila mtu ni chumba, ina sakafu na ina dari. Kabla hujaambiwa imba wapi, ujue chumba chako. Alfajiri ukishasali, kabla hujagombana na mtu, keti wima. Toa sauti mahali unaposemea kila siku. Halafu shuka kidogo, halafu tena kidogo, mpaka sauti igeuke pumzi tupu. Ile ya mwisho iliyokuwa bado na mwili ndiyo sakafu yako. Kisha panda vivyo hivyo, mpaka mishipa ya shingo isimame. Rudi hatua moja. Hapo ndipo dari.

Mwamvita chumba chake kipo ghorofani. Wewe umekwenda kugombea chumba cha mwenzio wakati chako hujakifungua hata dirisha.

Mimi shangazi yako,
Chausiku

*

Temeke,
28 Julai 1938

Shangazi yangu Bi Chausiku,

Shikamoo. Sie wazima isipokuwa koo langu, ambalo nalo nitakueleza. Vipi goti? Nassibu anasema amesikia kuhusu mayai.

Nilipoisoma barua yako nililia, halafu nikaona haya, maana ni kweli sijawahi kukuuliza. Nikaapa nitaitafuta hiyo sakafu kwa nguvu zangu zote.

Ikawa kweli kwa nguvu. Nikainamisha kichwa, kidevu kikagusa kifua, nikaisukuma sauti chini. Ikanguruma. Nikasema, naam, hiyo hapo, nikaisukuma zaidi. Nassibu akaacha chai yake akaja mbio uani kuniuliza kama tumbo linakata. Jirani yetu naye akaniletea mwarobaini, hakuuliza hata kitu. Nikaendelea hivyo juma zima, kila siku nikiongeza nguvu, mpaka Ijumaa nikaamka sina sauti kabisa, nawaita watoto kwa kupiga sufuria.

Shangazi, nadhani umenikadiria zaidi ya nilivyo. Sakafu yangu ni udongo mtupu. Bi Hija ameshaanza kumtazama msichana mwingine, Felisitasi, mtoto wa karani mmoja kutoka Bukoba. Ana sauti nyembamba nzuri, ila maneno ya nyimbo hayajui. Yatafundishika.

Mwanao asiye na sauti,
Tunu

*

Lindi,
20 Agosti 1938

Tunu, mwanangu,

Marahaba. Huku wazima. Kwanza pole, na pili nimecheka mpaka wajukuu wameogopa.

Nani alikuambia ungurume? Nilisema shuka, sikusema chimba. Tatizo lako ni lile la wote waliotuambia tuna sauti za kiume: umewaamini, ukadhani ili kufika chini lazima uwe dume. Sauti ya chini haitaki kusukumwa. Ukiisukuma inajifungia.

Nyamaza mpaka koo lipone. Halafu anza upya. Kichwa juu, shingo ndefu, kidevu kimelegea kama unataka kupiga miayo. Weka kiganja kifuani. Toa sauti ndogo, ndogo hasa, ya kumwimbia mtoto anayekaribia kulala. Ukishuka, usiongeze pumzi, punguza. Kifua kikitetemeka chini ya kiganja, umefika. Usifurahi ukapiga kelele! Kaa hapo, itoke, pumzika. Sauti ya chini huzaliwa ndogo, mwili wake huja baadaye. Leo hatua moja, na ya pili uiache hadi ya kwanza ikuzoee.

Na kama huisikii vizuri, chukua mtungi mtupu uimbie mdomoni mwake. Ukifika mahali pake utakuitikia. Mie hivyo ndivyo nilivyojifunza, na watu wakisema Chausiku anazungumza na mitungi.

La mwisho ndilo kubwa. Wimbo nao una sakafu na dari yake. Kabla hujauanzisha, utafute ule mstari wake ulio juu kuliko yote. Uweke huo chini ya dari yako kwanza, ndipo uhesabu uanzie wapi. Wengi huanza wanapojisikia vizuri, wakifika katikati wanagonga vichwa. Mwamvita mwenyewe, nina hakika, hajui hilo. Yeye hupenda kuanza juu tu kwa sababu hakuna aliyemlazimisha kuanza chini.

Shangazi yako,
Chausiku

*

Temeke,
9 Oktoba 1938

Shangazi yangu kipenzi,

Shikamoo, na goti, na wajukuu, wote wote. Sie wazima, tunajiandaa kwa mwezi mtukufu.

Nimeipata! Iliniitikia kutoka ndani ya mtungi wa maji ya kunywa, asubuhi, nimeushika kwa mikono miwili, na mwili wote ukanisisimka. Sikujua kwamba kuna mahali humu ndani mwangu palipo pana kiasi hiki. Nimekuwa nikiishi barazani kumbe nyumba ni kubwa.

Na kuna jambo sikulitarajia. Wenzangu wa zamani, wale wa makofi, walikuja kutwanga uani kwangu wakanikuta naimba. Mmoja akasema, "Tunu, hapo mbona na mie nafika?" Akafika kweli. Mwingine akafika. Sasa wanakuja kila Jumatano na mtungi wao, na mie nimekuwa mwalimu, nawaambia legeza kidevu, punguza pumzi, kwa sauti yako hasa. Mmoja wao, Sitina, ana sakafu ya kutisha. Mumewe anamwomba asalimie watu kwa mbali.

Lakini naogopa. Wimbo nimeutunga wa kumtoa mjukuu wa Bi Hija, wenye mabonde na milima, na nataka niuanzie chini kabisa, ambako hakuna mwimbishaji wa huku aliyewahi kuanzia. Bi Hija hajui. Nikimwambia atakataa. Nisipomwambia na nikashindwa, nimemharibia harusi ya mjukuu wake. Nifanye nini? Nijibu upesi, shangazi.

Mwanao,
Tunu

*

Temeke,
20 Novemba 1938

Shangazi,

Shikamoo. Sijapata jibu lako, na Nassibu ameulizia kwa watu wa meli wasijue kitu. Mwezi unakaribia kuandama. Naomba Mungu iwe ni barua iliyopotea tu, isiwe wewe.

Nimeamua. Jana nimekwenda kwa Bi Hija nikamwambia nitauanzia chini. Alinitazama sana. Akasema, "Harusi ni ya mjukuu wangu na aibu itakuwa yangu. Una hakika?" Nikamjibu nimekipima chumba changu. Hakuelewa, lakini hakunikatalia.

Niandikie hata neno moja.

Tunu wako

*

Temeke,
8 Desemba 1938

Kwa shangazi yangu na mwalimu wangu, Bi Chausiku,

Shikamoo, shikamoo, shikamoo! Barua yako ya homa imefika siku moja baada ya harusi. Alhamdulillahi umepona. Ningejua umelala nisingekusumbua na mambo ya sakafu. Kaa sasa, usisimame, nikueleze.

Bwana harusi ni wa Kinondoni, kwa hiyo Sitara walikuja wote, kanga mpya sare, na Mwamvita mbele. Sie wenye binti tulikuwa wa kwanza kuanzisha. Nikasimama. Wale wa makofi nikawapanga mstari wa mbele, na watu wakaanza kunong'ona. Nikalegeza kidevu, nikaanza:

"Mtoto tumewapeni, tunzeni msimchoshe."

Chini, shangazi. Chini kabisa, bila kusukuma. Waliokuwa wakipakua pilau wakaacha miiko sufuriani. Bi Hija akaniangalia kwa jicho la kunila. Halafu wenzangu wakaitikia, Sitina na wengine, wanawake walioambiwa miaka yote wafunge midomo, na ile sauti ikanipanda miguuni kutoka ardhini. Nilitaka kulia lakini nilikuwa na mstari wa pili.

Tukawaachia. Mwamvita ni mwimbaji, simnyimi haki yake. Akajaribu kuchukua palepale, ikatoka pumzi tupu. Akajaribu tena. Kisha akafanya ujanja: akaruka ghorofa nzima, mahali ambapo sauti ileile hurudi ikiwa nyembamba, na mwanzo ulikubali. Lakini nilishaupima ule wimbo. Mstari wa tatu unapanda, ukapanda naye, na hapo hata yeye alikutana na dari. Akanyamaza.

Sikupiga kigelegele, shangazi. Nakumbuka Kawe. Nikamsubiri. Akatazama chini, akacheka, akavua leso yake ya mabegani akanitunza mbele ya watu wote. Akasema, "Dada, huko ulikoanzia mie sijawahi kufika hata kwa kuota." Hapo ndipo vigelegele vikapigwa, na Kinondoni wakapiga pia.

Felisitasi naye yumo, anaimba juu yetu vizuri sana. Hakuna aliyerudishwa kwenye makofi. Makofi sasa tunapiga wote.

Bi Hija alinishika mkono baadaye akauliza, "Nani kakufundisha?" Nikamwambia shangazi yangu wa Lindi, kwa barua. "Alikuwa mwimbishaji wa wapi?" Nikamwambia kweli: hakuwahi kuruhusiwa kuanzisha wimbo hata mmoja. Akasema, "Mwandikie aje. Idi Kubwa hii, Nia Safi itaanzishiwa na yeye." Nauli tumeichanga wote, iko kwa nahodha wa meli.

Ninajivunia sauti yetu, shangazi. Njoo.

Mwanao,
Tunu

*

Lindi,
2 Januari 1939

Kwa Tunu, mwimbishaji wa Temeke.

Marahaba, mwanangu. Nimepona. Barua yako nimeisomea wajukuu, nikaisomea majirani, nikampelekea na yule bibi aliyekuwa mwimbishaji wetu enzi hizo. Sasa hasikii vizuri, ikabidi nimsomee kwa sauti kubwa, na sikuona ubaya wowote kuirudia.

Nilidhani nitakataa. Nikajiambia, mzee kama mie nianzishe nini. Asubuhi nikaketi wima, nikajipima baada ya muda mrefu. Tunu, umri unachukua mengi, meno, goti, lakini huku chini umeniongezea. Nimeshuka kupita pale nilipokuwa.

Nakuja na meli ya katikati ya mwezi. Nassibu aje kunipokea mzigo, maana nabeba na mtungi wangu. Mwambie Bi Hija nimekubali, lakini wimbo nitauanzia sakafuni kwangu, si kwako, na desturi ni desturi: atakayejibu ajibu palepale. Wenzako waanze kujiandaa.

Shangazi yako,
Chausiku