Taipureta Iliyofikisha Miaka Ishirini na Moja

Ekerenyo, 9 Machi 1974

Ndugu yangu Zachariah,

Kwa heshima zote natangaza kwamba taipureta uliyoniachia ulipohamia Nakuru imetimiza miaka ishirini na moja, na barua hii imepigwa nayo. Sokoni walishaanza kuniita fundi, nami nikatembea kifua mbele kama jogoo. Chai na migomba ni salama.

Lakini wewe sikudanganyi. Mwezi uliopita mkanda unaovuta kigari kinachobeba karatasi ulikatika, nikaibeba kwenda kuitupa kwenye shimo la vyuma vikuukuu, pale juu ya chemchemi. Shemeji yako Bosibori alikuwa chini akichota maji, akaniona.

"Baba Nyamusi, kutu yenu tunainywa tayari. Sasa mnatuongezea na wino?"

"Mashine imekufa."

"Imekufa, au wewe ndiye umechoka?"

Akairudisha nyumbani, akasokota uzi wa kushonea vikapu, akaufunga palipokatika. Mimi nilishika bisibisi tu. Watu wa sokoni waliponisifu kuwa ndiye niliyeitengeneza, nilinyamaza, hadi Sabato iliyopita, nje ya kanisa, nikasema mbele ya wote, "Aliyeitengeneza ni mke wangu." Wanaume walicheka. Wanawake wakamzunguka, na tangu jana nyumba yetu imejaa cherehani mbovu za watu.

Ni mimi mdogo wako,
Ongeri