Bibi Tuliyemtoa Ziwani

Data, baba yangu mpendwa,

Ziwa limepanda tena. Nimeona nikuambie mimi, kwa kuwa katika watoto wako wote ni mimi niliyeshuka nawe kwenda kumchukua bibi.

Nilikuwa mdogo sana zile mvua kubwa za mwanzo wa uhuru ziliponyesha, na maji yakaingia nyumbani kwetu kule ufukweni, kusini mwa Kigoma. Namkumbuka mama akinipakata juu ya meza huku masufuria yakielea. Tukapanda Kasulu. Nyuma tuliacha michikichi imesimama majini, na kaburi la mama yako nyuma ya jiko. Huku juu ukajifunza kulima maharage. Hukuyapenda, lakini ulilima.

Nikawa msichana mkubwa. Katikati ya miaka ya sabini, tukiwa tumeshahamishiwa kijiji kipya hukuhuku Kasulu, muuza dagaa mmoja alikuambia sokoni kwamba ziwa limerudi nyuma, visiki vya michikichi yetu viko nje. Ulirudi nyumbani ukakataa ugali.

"Kesho nashuka," ulimwambia mama.

"Unataka tuhamie tena kule?"

"Hapana. Nakwenda kumchukua mama."

Tulipita kwanza dukani kwa Mzee Salumu, yule wa kutoka Pwani, kununua shuka jeupe. Akauliza nani amefariki. Ukasema mama yako. Alipouliza lini, ukamjibu, "Kabla ya mvua kubwa." Mzee wa watu akalikunja lile shuka taratibu, akakupa kwa mikono miwili.

Kule ufukweni tulimkuta mdogo wako, baba mdogo Yohana, anafunga fito za nyumba mpya palepale palipokuwa na maji.

"Kaka, ziwa limekufa!" akasema kwa furaha. "Njoo tugawane."

Ulikaa juu ya kisiki. "Halijafa, Yohana. Mvua na mito vinaliletea maji. Jua linayachukua, na mto Lukuga unayapeleka Kongo. Miaka hii vinavyochukua vimezidi. Zikija mvua kama zile, litarudi hapa ulipo."

"Litakaporudi tutakuwa tumeshakula."

"Basi kula. Lakini mama hatalowa mara mbili."

Ukaanza kuchimba peke yako. Baba mdogo alisimama kando amenuna, anasema unawatia watu mkosi. Udongo ulikuwa na makombe ya konokono wa ziwani, na harufu ya samaki. Ulipochoka ukapiga goti, naye akaja akalitoa jembe mkononi mwako. "Ni mama yangu pia," akasema. Mkamaliza pamoja, mkaifunga mifupa yake ndani ya lile shuka jeupe.

Kwenye lori ulimpakata njia nzima. Mwanamke mmoja akauliza umebeba nini. "Mama yangu," ukajibu. Watu wakacheka, wakakutazama usoni, wakaacha kucheka. Tukamzika upande wa juu wa shamba la maharage.

Baba mdogo alibaki kule. Sisemi alikosea, Data. Alipanda michikichi, akazaa, akasomesha, na mwaka ule mahindi yetu yalipokauka mawese yake ndiyo yaliyotulisha. Alipofariki alizikwa uani kwake, kama alivyoomba.

Sasa mambo yamebadilika. Jua la siku hizi si lile la wakati wako. Kijito cha chini ya shamba kinakauka kila kiangazi. Halafu mvua ikija, inamwagika yote kwa pamoja. Redioni wanasema dunia nzima imepata joto. Maji ya ziwa yakaingia nyumbani kwa baba mdogo, yakapita uani penye kaburi lake, yakaendelea kupanda. Konsolata, binti yake, alinipigia simu akilia: "Dada, baba yuko majini."

Nilishuka. Tukasimama barabarani, yeye akinionyesha kwa kidole, nami sikuona ila maji matulivu na mtu anayetupa wavu.

Niliwachukua, yeye na wanawe. Wanaishi nasi hapa Kasulu. Siyo kwamba nina huzuni kila siku. Watoto wanapiga kelele, nyumba imechangamka. Ila juzi tulipokuwa tunachambua maharage, Konsolata aliniuliza, "Dada, litashuka lini tumchukue?"

Wewe ungekuwa na la kumwambia. Wakati wako ziwa lilipanda na kushuka polepole, mtu akakua akiliangalia. Mimi siku hizi mvua sizielewi, na jua silielewi. Nikamwambia ukweli, kwamba sijui. Kisha nikampeleka kule juu, nikamwonyesha nafasi iliyo ubavuni mwa bibi.

Leo asubuhi nimemkuta huko na jembe. Ameshapafyeka, anang'oa visiki.

Pumzika, Data. Tupo.

Ni mimi, binti yako mkubwa,
Kasulu