Salamu Nilizopeleka Liverpool

Mpwa wangu Nekesa,

Hujambo huko Missouri City? Sisi hapa Arlington tu wazima, ila goti langu linabishana na ngazi. Unauliza kama Liverpool niliona cha maana. Mwanangu, nilipokelewa kama mfalme! Kwenye feri ya watalii nahodha aliniachia usukani, nikaipenyeza kati ya meli mbili, abiria wakapiga makofi.

Lakini nilichoendea ni babu yako, yule baharia. Meli yake ilitoka bandari hiyo ikazama, mwili haukupatikana. Nyumbani tukazika shina la mgomba badala yake, kama ilivyo desturi yetu. Basi nilipofika gatini nikampigia nyanya yako simu.

"Unaona nini?" akauliza.

"Maji tu, mama."

Kisha akasema, "Basi mwambie tulishamzika. Asihangaike tena."

Nikashika reli ya ukingo wa gati, nikamwambia baba kwa lugha yetu, kwa sauti, katikati ya watalii. Unanijua, mimi sikosi la kuongeza. Siku hiyo nilikosa.

Ukifika Liverpool siku moja, msalimie babu yako.

Mjomba wako,
Wafula