Kisanduku Kilichomwelewa Bibi

Vinh, 4 Machi

Mama, shikamoo.

Natumaini mgongo wako umepoa, na yule bibi unayemtunza huko Taipei siku hizi anakuacha ulale. Sisi wazima, ila magoti ya Bibi ndiyo yale yale. Nakuandikia barua pepe kwa sababu nikiongea kwenye simu nakauka, unanijua. Shuleni nafundishwa kwa lugha mbili na zote mbili zinanikwama kooni.

Kisanduku ulichotuma kimefika. Kinawasha taa, feni na sufuria ya wali kwa kuambiwa tu. Tatizo, kinajua lafudhi ya Hanoi, na Bibi ni mtu wa huku kwetu Nghệ, lafudhi yake haibadiliki. Akisema kiwashe feni, kinajibu, "Samahani, sijaelewa." Bibi akakijia juu: "We binti, umezaliwa kiwandani juzi, leo unanifundisha kusema?" Mjomba Lộc alicheka mpaka akakaa chini.

Basi nimekifundisha sauti yake. Kila neno analirudia mara kumi, mimi nakionyesha maana yake kwenye simu, kinahifadhi. Leo hajainukia swichi hata mara moja.

Mwanao,
Khuê

Taipei, 12 Machi

Khuê mwanangu,

Marahaba. Mimi mzima, mgongo unauma kwa zamu. Bibi yangu wa huku bado upande mmoja umelala, namlisha kwa kijiko.

Umenifurahisha. Kifundishe kila kitu, mwanangu, hata jina la paka, mradi Bibi asisimame ovyo akaanguka. Mwambie aache kumtukana binti wa watu. Na wewe ukiweza kuongea na kisanduku, jaribu na wanadamu.

Mama yako

Vinh, 26 Machi

Mama, shikamoo.

Hujambo? Huku baridi imekwisha, nimeanika mablanketi. Bibi anakusalimu.

Kisanduku kilianza ukaidi tena. Tangu Jumamosi ya tarehe 18, Bibi anataka taa, anasema *đèn*, lakini sauti haishuki, inabaki tambarare, inatoka *đen*, yaani nyeusi. Kisanduku kinamuuliza kwa adabu, "Unataka nyeusi ipi?" Siku ya kwanza tulicheka. Siku ya tatu Bibi hakucheka. Mjomba anasema mashine ni jinga: "Sisi watu wa Nghệ hata Hanoi wenyewe hawatuelewi, sembuse bati?"

Nikaona nimrahisishie. Nimekifundisha upya, maneno yote, kwa sauti aliyo nayo sasa. Hata akiguna tu, taa inawaka. Alifurahi, akaniambia, "Usimwambie mama yako, atasema nimezeeka." Nimekuambia hata hivyo, usimwambie kuwa nimekuambia.

Siku hizi anashika bakuli kwa mkono wa kushoto. Anasema wa kulia umechoka kufua.

Mwanao,
Khuê

Taipei, 28 Machi, asubuhi

Khuê,

Nimesoma barua yako sasa hivi. Nimekupigia mara sita, simu imezimwa, najua uko darasani. Ya Mjomba inaita bila kupokewa.

Ukisoma hii usimalize kipindi, toka. Mwambie Bibi atabasamu. Ainue mikono yote miwili. Hata akiweza vyote viwili, nendeni hospitali leo hii. Huyu bibi ninayemtunza alianza hivyo hivyo: wiki mbili anatamka maneno kwa lafudhi ya nchi isiyokuwepo, na wanawe wanamtania.

Mwambie daktari tarehe ilipoanza. Wewe ndiye unayeijua. Mwambie wewe mwenyewe.

Mama

Vinh, hospitalini, 29 Machi

Mama,

Bibi anapumua. Naanza na hilo kwa sababu najua unalitafuta.

Nilisoma barua yako jana wakati wa kutoka shule, nikakimbia nyumbani. Jirani akaniambia wamekwisha kumpeleka hospitali. Mjomba alipita asubuhi, akakuta taa inawaka na kuzimika, inawaka na kuzimika, mchana kweupe, na Bibi chini, mlangoni mwa jiko. Alikuwa anaita mtu. Mimi nilikifundisha kisanduku kwamba sauti ile maana yake ni taa. Mama, kilimtii. Sijui kilimtii kwa muda gani.

Nilipofika, daktari alikuwa anamuuliza Mjomba, "Imeanza lini hasa?"

"Leo, saa mbili asubuhi. Jana alikuwa mzima kabisa, amenitukana vizuri tu."

Daktari akasema iko sindano ya kuyeyusha damu iliyoganda, saa bado zinaruhusu. Lakini kama amewahi kupata kiharusi kingine wiki hizi, sindano hiyo inaweza kumfanya avuje damu kichwani. Akauliza tena, "Hakuna dalili kabla ya leo?"

"Hakuna. Chomeni, daktari, mnangoja nini?"

Muuguzi alikuwa tayari anaiandaa. Nikasema, "Si leo." Hakuna aliyenisikia. Nikasema tena. Mjomba akageuka: "Nyamaza, Khuê, wakubwa wanaongea!" Nikamvuta daktari koti. Daktari ni mtu wa Hanoi. Aliinama mpaka sikio lake likawa karibu na mdomo wangu: "Sema, mwanangu, polepole."

Nikasema tarehe 18. Nikasema maneno yalivyobadilika, na bakuli, na mkono. Alipouliza nina hakika gani, nikampa simu. Kisanduku kinahifadhi kila sauti na tarehe yake. Akasikiliza ya kwanza, akasikiliza ya juzi. Ukumbi mzima ulimsikia Bibi akiharibika, na baada ya kila neno mimi nikisema, "Vizuri, Bibi, rudia."

Daktari akamwambia muuguzi airudishe sindano. Wanampa dawa nyingine, ya taratibu. Anasema ile ingeweza kumuua jana. Anasema pia kama angeletwa tarehe 18, pengine jana isingekuwepo. Alisema yote mawili kwa sauti ile ile.

Mkono wa kulia haujasogea. Ananitazama, hasemi. Mjomba hajaniongelesha tangu jana.

Ujumbe wako kwamba umepata tiketi tumeuona. Maswali yote ya daktari nimeyajibu, Mama. Limebaki lako: kwa nini sikushtuka. Uniulize ukifika, tukiwa wawili. Usinisamehe kwa barua. Nitakujibu kwa mdomo.

Mwanao,
Khuê