Damu Yangu Mikononi mwa Neema

Elibariki, rafiki yangu,

Tangu tukuzike, mfereji wetu wa maji hapa Akheri nausafisha peke yangu. Na dawa niliacha. Wewe tu ndiye uliyejua kuwa nina virusi. Wewe ndiye uliyenisindikiza kliniki ukinicheka, "Mwanaume mzima unaogopa sindano, na ng'ombe unawachoma!" Ulipoondoka, niliona aibu kwenda mwenyewe. Mimi, mzee wa kanisa.

Kikohozi kiliponizidi nikaenda kituo kimoja cha afya kule Olasiti, nisikojulikana, nikajiandikisha kwa jina la uongo, Petro. Nikaitwa kutolewa damu. Nainua macho: Neema. Mwanao.

Nilitamani ardhi ipasuke inimeze.

"Shikamoo, baba mdogo," alisema taratibu. Kisha kwa sauti, wenzake wasikie, "Kaa hapa, mzee Petro."

Majibu alinieleza mwenyewe. Damu wanaichanganya na protini zinazotoa mwanga. Zinanata kwenye aina moja tu ya chembe nyeupe, zile zinazoongoza kinga ya mwili. Mwale ukizipiga zinawaka, na mashine inazihesabu. Akanionyesha picha: vidoti vichache, vimetawanyika kama mtama uliodonolewa na kuku.

"Hizi ndizo zilizobaki, baba."

Laiti angenigombeza! Aliuliza tu, "Mama mdogo anajua?"

Nikatazama viatu vyangu.

Jioni ile nilimwambia mke wangu. Aikande alikuwa anachagua maharage. Hakulia, aliendelea kuchagua. Halafu akasema, "Yaani Elibariki alijua, mimi sijui?"

Niliinama nikaokota punje zilizoanguka.

Kesho yake alikwenda kupima. Hana. Nilimshukuru Mungu, lakini sikuweza kumtazama usoni. Kwa kuogopa macho ya watu, nilikuwa tayari kumponza mtu aliyenipikia uji kila asubuhi nikikohoa.

Nimerudia dawa. Sasa Aikande ndiye anayenisindikiza. Anatangulia mbele, hageuki. Tukifika anakaa benchi moja na mimi, mkoba wake katikati yetu. Mkono wangu hajaushika.

Nakuahidi, ndugu yangu: nitameza dawa kila siku, hata kama hataushika tena.

Na ahsante kwa Neema. Ulilea, Elibariki. Pumzika.

Mwenzako,
Anaeli